Nilivyowatafsiria wa nyumbani "The Lake House": maoni yangu na ya waliokuwa sebuleni

Filamu hii ni ya mwaka 2006, kwa hiyo si mpya, na wengi wenu mtakuwa mmeiona vipande vipande kwenye televisheni. Hata mimi nilikuwa nimeiona hivyo, mwisho bila mwanzo. Ijumaa iliyopita baada ya Isha ndipo nilipoiona nzima, nyumbani kwetu Pumwani, sebule imejaa: Nyanya kwenye kochi lake, Shangazi aliyekuja na bakuli la kaimati, mdogo wangu anayesomea uhandisi, na jirani wa mlango wa pili na wanawe wawili. Nakala niliyoikodi mtandaoni haikuwa na maandishi ya Kiswahili, na Nyanya Kiingereza hakimpandi. Nikaketi mkekani karibu na magoti yake, nikatafsiri kwa sauti kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Nadhani ndiyo sababu imeniingia hivi. Ukitafsiri huwezi kuruka kitu.

Kisa chenyewe: daktari Kate Forster, anayeigizwa na Sandra Bullock, anahama nyumba ya vioo iliyosimama juu ya nguzo ziwani, nje ya Chicago. Anamwachia mpangaji ajaye barua. Anamwambia, pamoja na mengine, asishangae kuona alama za nyayo za mbwa mlangoni, maana yeye alizikuta. Barua inamfikia Alex Wyler, yaani Keanu Reeves, msanifu majengo. Anatazama chini, hakuna alama yoyote. Nyumba imejaa vumbi, haijakaliwa siku nyingi. Haikupita muda, anapaka rangi nje, mbwa asiyemjua anatokea, anakanyaga rangi, anapita mbio kuelekea mlangoni. Alama zile zile. Kate yuko mwaka 2006, Alex yuko 2004, na kinachowaunganisha ni sanduku la barua.

Hapo ilibidi nisimamishe filamu, maana watoto wa jirani hawakuelewa sanduku lile. Sisi sanduku la posta tunalijua kama namba: ukuta mzima wa vijisanduku vya chuma pale posta, kila kimoja na ufunguo wake, na mara nyingi hata si lako, ni la shule, la msikiti au la ofisi ya mtu wenu. La kwao liko juu ya nguzo mbele ya nyumba, na ubavuni lina kibendera kidogo cha chuma. Kikisimama, kuna barua. Mwongozaji Alejandro Agresti amekitumia kibendera kile vizuri mno. Hakuna radi, hakuna mwanga wa ajabu, hakuna mashine. Kibendera kinashuka chenyewe, kinapanda chenyewe, na wewe unajua miaka miwili imevukwa. Mtoto mdogo wa jirani alikuwa akikiona tu kimesogea anasema "amejibu", na mara zote alikuwa sahihi.

Sasa mti. Kate amehamia mjini, anamwandikia Alex kwamba anakosa miti ya kule ziwani. Alex anakwenda mpaka mahali ambapo jengo la Kate litakuja kusimama, jengo lenyewe bado, anapanda mche. Kate yuko nje ya mlango wake, mwaka 2006, na mara mti umesimama pale ambapo hapakuwa na kitu. Nikatafsiri: "Ameupanda mti, Nyanya."

"Ameupanda lini?"

"Miaka miwili iliyopita."

"Na mbona nimemwona akiupanda sasa hivi? Ameupanda au ataupanda?"

Nikakwama. Nikajaribu "alikuwa ameupanda", nikajaribu "atakuwa ameupanda", mdomo ukawa mzito. Kwa Alex ni kesho, kwa Kate ni zamani, na mimi nina kitenzi kimoja tu cha kuwapa wote wawili. Tangu hapo kila barua iliposomwa nilikuwa nachagua wakati kwa woga: nikisema "alikuja" namwonea Alex, nikisema "atakuja" namdanganya Kate. Sijawahi kuona filamu inayomfanya mtu asikie uzito wa "-li-" na "-ta-" kiasi hicho, na nasema hivi kwa heshima kwa aliyeiandika, David Auburn, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtunzi wa tamthilia za jukwaani.

Kilichonigusa kuliko vyote ni mkahawa. Kate anataka waonane. Alex anachagua mahali, Il Mare. Kwa Kate ni kesho jioni. Kwa Alex ni miaka miwili ya kungoja, na anakubali bila kusitasita. Kesho yake Kate anavaa, anakwenda, anakaa mezani peke yake. Anatazama mlango. Anatazama tena. Haji mtu. Bullock hasemi karibu chochote pale. Ni mikono yake tu na macho, na namna uso unavyoanza kujitayarisha kwa aibu ya kuinuka peke yake mbele za watu.

Shangazi aliweka bakuli chini. Sote tunajua aliwahi kuwa na mchumba baharia, lakini hasemi. Usiku ule alisema. Barua za yule bwana zilikuja kupitia sanduku la ofisi alikofanya kazi Babu, wiki kadhaa baada ya kuandikwa. Akisoma "nina homa", mwenzake alikuwa ameshapona yuko bandari nyingine. Akijibu "pole", pole ilimfikia mtu aliyesahau kama aliumwa. Safari moja aliandikiwa kwamba meli itatia nanga Mombasa, akapanda treni ya usiku, akangoja siku mbili. Kumbe alikuwa amehamishiwa meli nyingine, na barua ya kumweleza ilifika Nairobi Shangazi akiwa tayari ameondoka. Aliikuta aliporudi. "Hawa wamewekewa miaka miwili," akasema akionyesha televisheni. "Sisi ilikuwa wiki sita. Lakini ni jambo hilo hilo. Unaongea na mtu ambaye hayupo tena pale alipoandikia."

Niliacha kutafsiri kwa dakika nzima na Nyanya hakuniuliza kitu.

Ndiyo maana watu wanaponiambia filamu hii ni ndoto tupu, sikubali. Aliyeishi enzi za barua anaijua. Leo tunaona tiki mbili za buluu na tunanuna mtu akichelewa dakika kumi, na kijana wa leo ataona kisa hiki ni muujiza. Kwa Shangazi ilikuwa kumbukumbu.

Kutoka hapa naeleza mwisho. Asiyeiona na asiyetaka kujua aruke chini kidogo.

Mwanzoni mwa filamu, siku ya wapendanao ya 2006, mtu anagongwa na gari mbele ya Kate pale Daley Plaza katikati ya mji, na anafia mikononi mwake. Miaka miwili baadaye, siku kama ile ile, Kate anagundua kwamba mtu yule alikuwa Alex, na kwamba ndiyo sababu hakutokea mkahawani. Anakimbilia ziwani, anaandika barua ya mwisho: usije, ningoje, baada ya miaka miwili nikute kwenye nyumba ya ziwani.

Mdogo wangu alianza kupinga kabla majina hayajaanza kupita. Kama Alex hakufa, ni nani aliyekufa mikononi mwa Kate? Na ni kifo kile kilichomfanya Kate aende kupumzika ziwani, ndiko alikolikuta jibu la Alex na kuanza kuandikiana naye. Ukikiondoa kifo, unaondoa barua, na bila barua hakuna wa kumwonya Alex. Alichora mistari miwili nyuma ya risiti kunionyesha, na hesabu kweli haitoki. Nimeifikiria wiki nzima, haitoki. Anayetaka filamu ya wakati iliyofungwa kila kifundo asiitazame hii, ataumia bure.

Lakini Shangazi aliona kitu ambacho mimi na mdogo wangu hatukukiona. Kate anaandika barua, anasubiri hapo hapo, muda wa machozi tu, na gari linatokea. Aliyengoja miaka miwili ni Alex. Amekaa na siri ile peke yake, anajua mwanamke alipo, anajua anaweza hata kumwona, na hakwenda. "Wanaume wa kwenye filamu huwa wanafika," Shangazi akasema. "Huyu amengoja." Nikakumbuka Keanu Reeves alivyo katika filamu nzima, ule utulivu wake ambao wengine wanauita ubaridi, nikaona kumbe ulikuwa unatayarisha jambo hili.

Nyanya yeye alikuwa na ugomvi wake: Morgan. Huyu ni mwanamume aliyekuwa na Kate, na kosa lake hasa hatulioni. Anakuja, anapenda kwa namna yake, anaachwa. Nyanya alisema mtu huachwa kwa maneno, haachwi kwa kutazamwa pembeni. Namuunga mkono. Hapo mwandishi amefanya haraka.

Lawama yangu nyingine ni robo ya kwanza, inakwenda polepole na muziki unakuambia uhuzunike kabla hujapewa sababu. Vumilia. Ukifika kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa, pale Alex anapocheza na Kate ambaye bado hajui ni nani, kwa wimbo wa Paul McCartney, utakuwa umeshashikwa.

Christopher Plummer ni baba yake Alex, msanifu mashuhuri na mgumu wa moyo, ndiye aliyeijenga nyumba ile ya vioo. Alex anasema kitu kuhusu nyumba hiyo nilichokirudia mara mbili kumtafsiria Nyanya vizuri: unaona maji pande zote lakini hakuna hata ngazi ya kuyashukia. Ndiyo picha ya baba na mwana wale, na ndiyo picha ya Kate na Alex. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya filamu tu, kwenye ziwa Maple karibu na Chicago, na baadaye ikabomolewa. Niliposema hivyo jirani alisikitika kana kwamba ni ya ndugu yake.

Kwa waliozoea za Kikorea: hii imetokana na "Il Mare" ya mwaka 2000, na jina la mkahawa ni salamu kwa ile ya kwanza. Humo yumo Lee Jung-jae, ambaye wengi hapa tulimjua kwa "Squid Game", akiwa bado kijana. Niliitafuta Jumapili. Ni kimya zaidi, nyumba yao iko ufukweni, upepo unasikika. Mimi naipenda zaidi ya Marekani kwa sababu ya mkahawa tu.

Kuhusu kutazama na familia, msiwe na wasiwasi. Kuna busu, hakuna zaidi ya hapo, na ni kama saa moja na dakika arobaini. Watoto wa jirani hawakulala mpaka mwisho.

Ijumaa hii Shangazi ameomba tuirudie, anakuja na rafiki yake wa zamani waliyekwenda naye posta kuchukua barua. Nimeshajiandaa. Ikifika pale kwenye mche, nitamwambia Nyanya ameupanda, na akiuliza lini, nitamwambia kwa Kate ni juzi na kwa Alex ni leo, aangalie mikono yake ina udongo.