Bendera Nyeusi ya Muizenberg

Kijana aliyenikodisha ubao wa kuteleza kwenye mawimbi alinieleza kila kitu isipokuwa bendera. Siku mbili nzima nimeingia na kutoka baharini pale Muizenberg, Cape Town, nikiipita ile nguzo kama ninavyopita nguzo ya umeme. Aliyenishtua ni mama mmoja mtu mzima anayeogelea hapo kila asubuhi: "Mwanangu, umeangalia rangi kabla ya kulowa?"

Bendera hizo ni za huduma ya kuwaonya waogeleaji kuhusu papa, inaitwa Shark Spotters, na ipo tangu 2004. Mlinzi anakaa juu mlimani na darubini na miwani inayokata mng'ao wa maji, akitafuta kivuli kinachotembea. Akikiona, anamwita mwenzake wa ufukweni kwa redio ya upepo, king'ora kinalia, na inapanda bendera nyeupe yenye picha ya papa mweusi. Hapo unatoka, huulizi. Nyekundu maana yake tahadhari ni kubwa, kwa mfano papa ameonekana muda si mrefu. Kijani, maji yanaonekana vizuri na hajaonekana papa.

Ile nyeusi ndiyo iliyonifanya niandike. Nyeusi inasema: leo hatuoni vizuri. Ni wangapi wanaouza usalama watakaokutundikia hilo hadharani? Tena kiangazi, majira ambayo papa weupe wa False Bay, ghuba ambayo Muizenberg imo, walizoeleka kusogea karibu na fukwe baada ya kushinda msimu wa baridi wakiwinda sili kwenye kisiwa cha Seal Island, ndipo upepo wa kusini-mashariki nao unapovuma na kuyachafua maji. Kwa hiyo nyeusi utakutana nayo sana. Mara ya kwanza niliiona nikaingia hivyo hivyo. Mara ya pili nilibaki kwenye kina cha kiuno, na sioni aibu kusema.

King'ora nilikisikia mara moja, yapata saa nne asubuhi. Nilitegemea mayowe. Watu walilala tumboni juu ya mbao zao, wakapiga makasia kwa mikono hadi mchangani, wakasimama wanatetemeka kwa baridi na kupiga soga. Mimi magoti yalikuwa yangu kwa jina tu. Baadaye tuliambiwa alikuwa papa shaba, si mweupe.

Watakuja watakaokwambia papa weupe wameshahama, bendera za nini tena. Ni kweli wameadimika mno. Mwaka 2019 walinzi hawa hawakumwona hata mmoja, na wapo wanaowataja nyangumi wauaji wawili, Port na Starboard, kuwa ndio waliowafukuza. Lakini mlinzi hakai kule juu kwa ajili ya papa wa aina moja, na yule shaba wangu hakuwa mdogo.

Kama una watoto, nenda Fish Hoek, jirani tu. Huko wana wavu wa matundu madogo unaotandazwa asubuhi na kuondolewa siku hiyo hiyo, hali ya bahari ikiruhusu. Unamzuia papa bila kumnasa, tofauti na nyavu za jimbo la KwaZulu-Natal.

Muogeleaji halipi hata senti. Nawapa nyota nne na nusu. Nusu iliyobaki nimeukata ule upepo. Wahi asubuhi kabla haujaamka.