Galaxy A15, Redmi 13C na Spark 20: Tachi Ipi Inausikia Vizuri Mkono wa Mtu wa Ziwani?

Mnunuzi mwenye bajeti ya kati anayeingia katika maduka ya simu ya katikati ya jiji la Mwanza huwekewa mezani simu zinazofanana sana kwa umbo na kwa maneno yaliyoandikwa kwenye boksi. Tatu nilizozishika na kuzilinganisha kwa makini ni Samsung Galaxy A15 ya 4G, Redmi 13C na Tecno Spark 20. Zote zilitoka mwishoni mwa mwaka 2023, na sasa nyingi zinauzwa zikiwa zimeshatumika. Ninaandika kuhusu jambo moja tu la simu hizi, nalo ni namna kioo kinavyoupokea mguso wa kidole, kwa sababu mtumiaji hukutana na jambo hilo kila anapoitoa simu mfukoni, ilhali wauzaji wengi hulieleza kwa namba moja kisha wakaliacha.

Namba hiyo ni 90 Hz, na simu zote tatu zinayo. Maana yake ni kwamba kioo kina uwezo wa kuchora picha upya mara 90 kwa sekunde, yaani mara moja kila baada ya milisekunde 11 hivi, badala ya karibu milisekunde 17 za kioo cha 60 Hz. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho pale unapopangusa orodha ndefu ya majina au mazungumzo ya WhatsApp. Hata hivyo, namba hiyo inaeleza kasi ya kuchora, wala haielezi kasi ya kusikia. Tachi, yaani sehemu ya kioo inayohisi mguso, ina saa yake yenyewe ya kusoma mahali kidole kilipo, ambayo kwa simu za kiwango hiki kwa kawaida ni mara 120, 180 au 240 kwa sekunde, na kati ya kusoma mguso na kuchora matokeo yake iko prosesa, yaani ubongo wa simu, iko RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea, na iko programu yenyewe, ambayo huenda inafanya kazi nyingine wakati huo. Kidole husubiri jumla ya hayo yote. Ndiyo maana simu mbili zenye 90 Hz zinaweza kukupa hisia tofauti kabisa mkononi, moja ikikufuata papo hapo na nyingine ikikufuata baada ya kusita.

Kati ya hizi tatu, Galaxy A15 ndiyo inayoufuata mkono kwa utulivu zaidi, na sababu zake zinajulikana. Kioo chake cha inchi 6.5 ni cha AMOLED, aina ambayo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, na nukta hizo hubadilika rangi haraka kuliko za LCD, aina inayomulikwa na taa iliyo nyuma yake, kwa hiyo maandishi yanayopita hayaachi kivuli nyuma yake. Kina pikseli 1080 kwa 2340, na prosesa yake ni Helio G99, iliyotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6 (namba ikiwa ndogo, teknolojia ni mpya zaidi). Redmi 13C na Spark 20 zote zina kioo cha LCD, pikseli 720 kwa upana, na prosesa ya Helio G85 ya nanomita 12. Kwa anayefungua ujumbe, akapiga simu na kuangalia salio, pengo hilo ni dogo. Linakuwa kubwa pale programu nne au tano zinapokuwa wazi na mtu anahama kutoka moja kwenda nyingine huku anaandika.

Hapa niseme neno kuhusu RAM, kwa sababu wanunuzi wanapotoshwa waziwazi. Maboksi mengi siku hizi huandika kwa herufi kubwa jumla inayounganisha RAM halisi na ile inayoitwa ya ziada, mathalani GB 8 na GB 8 zikawa 16. Ile ya ziada ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa, na hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM. Haiifanyi tachi isikie haraka zaidi. Muulize muuzaji RAM halisi ni ngapi, na kama hana jibu, fungua mipangilio ya simu sehemu ya maelezo ya kifaa uisome mwenyewe.

Ukitaka kujua kwa nini mambo haya yana uzito mkubwa kwetu kuliko yalivyo kwa mtu wa ofisini, nenda asubuhi Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Mfanyabiashara wa dagaa ana simu mkono mmoja na gunia mkono mwingine. Mkono wake una unyevu, una magamba, na ngozi ya vidole imekuwa ngumu kwa kazi ya miaka. Kwa mkono huohuo anaandika namba ya mteja wa mbali, kiasi cha pesa na namba ya siri. Anayekosea herufi katika ujumbe huifuta na kuendelea, lakini anayekosea tarakimu moja ya namba ya kupokelea pesa hujikuta akihangaika kuomba muamala urudishwe huku mzigo ukisubiri. Kwa mtu huyo tachi ni chombo cha kazi kama mizani, na usahihi wake una thamani kubwa kuliko ulaini wa picha.

Tatizo la mkono wenye maji linatokana na namna tachi za leo zinavyofanya kazi. Chini ya kioo kuna gridi ya mistari isiyoonekana inayopitisha umeme, kwa kawaida ya oksidi ya indiamu na bati, na simu hupima chaji, yaani kiasi cha umeme, iliyopo kwenye kila makutano ya mistari hiyo. Kidole kinachopitisha umeme kikikaribia, hubadilisha kipimo mahali pale, na simu ikajua umegusa wapi. Tone la maji hubadilisha kipimo vilevile. Simu inaona miguso mitatu pale ulipogusa mara moja, au inaupoteza mguso wako kwa kuwa maji yameusambaza. Maji yenye chumvi yanasumbua zaidi kwa sababu yanapitisha umeme vizuri zaidi, na wanaoshughulika na kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, watanielewa. Kwa upande mwingine, kidole kikavu chenye sugu hubadilisha kipimo kwa kiasi kidogo, na hivyo mtu hulazimika kubonyeza mara mbili.

Kabla ya tachi hizi za kupima chaji kuenea kulikuwa na tachi za aina nyingine, zilizotumika katika simu kama Nokia 5800 XpressMusic ya mwaka 2008 na Samsung Star ya mwaka 2009. Zilikuwa na tabaka mbili zilizoachana kidogo, na mguso ulipatikana pale shinikizo lilipozikutanisha. Zilikuwa nzito kupangusa na hazikuelewa vidole viwili kwa pamoja, lakini zilisikia ukucha, kijiti, glavu na kidole kilicholowa bila ubaguzi. Baada ya iPhone kuja mwaka 2007 na tachi ya kupima chaji, soko zima lilifuata upande huo, na leo mnunuzi hana tena nafasi ya kuchagua kati ya aina hizo mbili. Galaxy A15, Redmi 13C na Spark 20 zote ni za kupima chaji, kwa hiyo kanuni ya tone la maji inazihusu zote. Baadhi ya watengenezaji wameanza kuweka katika simu zao mpya programu inayotofautisha tone na kidole, na mtu anayefanya kazi mwaloni ana kila sababu ya kuuliza kuhusu uwezo huo kabla ya kuuliza kuhusu kamera.

Protekta nayo inachangia. Kioo kinene cha protekta huongeza umbali kati ya kidole na gridi ya chini, na kikibandikwa vibaya kikabaki na hewa pembeni, herufi za ukingoni kama A na P ndizo huathirika kwanza. Katika simu nyingi za Galaxy kuna swichi kwenye mipangilio ya skrini inayoongeza usikivu wa tachi kwa ajili ya protekta. Iwashe, maana inasaidia pia kwa kiasi fulani mtu mwenye vidole vigumu. Hiki ni kipengele kidogo ambacho sijasikia muuzaji hata mmoja akikitaja, nami nakiweka juu ya vingi vinavyotangazwa.

Chaji ya kuchomeka isiyo na ubora ni chanzo kingine cha usumbufu, na mafundi wengi hukutana nacho. Simu inatulia vizuri, lakini ikichomekwa kwenye chaji ya bei ya chini inaanza kujibonyeza yenyewe, inafungua programu na kuruka kurasa. Umeme wenye kelele unaotoka kwenye chaji hiyo unaingia katika kipimo cha tachi na kukivuruga. Badilisha chaji kwanza kabla hujamlipa mtu kubadilisha kioo.

Upimaji dukani unawezekana na hauhitaji kifaa chochote. Katika simu nyingi za Android, fungua maelezo ya kifaa kwenye mipangilio, gusa mara saba mstari unaoonyesha namba ya toleo la mfumo, na menyu ya wasanidi programu itafunguka. Ndani yake kuna swichi inayoonyesha mahali pa kidole kwa mstari. Iwashe, kisha chora polepole mistari ya mshazari kutoka kona hadi kona. Mstari ukikatika, hapo kuna sehemu iliyokufa. Ukitetemeka kama mawimbi wakati kidole chako kimetulia, tachi haisomi vizuri. Kwenye simu nyingi za Samsung kuna njia fupi zaidi ya kubonyeza *#0*# kwenye sehemu ya kupigia, na menyu ya majaribio inatokea ikiwa na jaribio la tachi. Baada ya hapo shika alama ya programu moja uiburute kuzunguka kioo chote bila kuinua kidole, na kama inadondoka palepale kila mara, usiinunue simu hiyo. Andika sentensi ndefu ya Kiswahili kwa vidole gumba viwili, kwa haraka uliyoizoea, kwa sababu maneno yetu ni marefu na yanadai herufi nyingi mfululizo. Omba simu ichomekwe kwenye chaji, urudie. Mwisho, lowanisha ncha ya kidole kidogo tu, urudie tena. Kwa simu iliyoshatumika majaribio haya ni ya lazima.

Toka nayo nje pia. Jua la mchana la Mwanza likigonga maji na mawe, kioo hafifu hakisomeki, na mtu asiyeona kitufe hawezi kukigusa kwa usahihi hata kama tachi ni nzuri. Galaxy A15 inafika niti 800 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo) kwenye mwanga mkali, na Redmi 13C niti 600. Tofauti hiyo niliiona bila kuambiwa.

Alama ya kidole iko ubavuni katika simu zote tatu, na kidole chenye maji huwa hakisomeki, kwa hiyo jizoeze namba ya siri. Angalia pia kama 90 Hz imewashwa, kwa sababu mipangilio ya kuokoa betri inaweza kuirudisha 60 bila wewe kujua.

Lipo jambo la matengenezo ambalo linabadilisha hesabu yote. Kioo na tachi katika simu hizi huja vikiwa kipande kimoja, hivyo ufa mdogo unaweza kumaanisha kubadilisha vyote. Kioo halisi cha AMOLED ni ghali kuliko cha LCD, na ndiyo sababu katika soko la vipuri kuna vioo vya kuiga vya LCD vinavyowekwa kwenye simu iliyozaliwa na AMOLED. Rangi hupauka, mwanga hupungua, na usikivu wa tachi haurudi ulivyokuwa. Anayenunua A15 iliyoshatumika afungue picha nyeusi tupu akiwa mahali penye giza: AMOLED halisi itakuwa nyeusi kabisa, na LCD itatoa mwanga wa kijivu.

Kwa mwanafunzi, mwalimu, au wakala wa pesa anayekaa kivulini na mikono mikavu, napendekeza Galaxy A15 bila kusita, ilimradi kioo chake ni kile ilichotoka nacho kiwandani. Anayetaka kubana matumizi achukue Redmi 13C au Spark 20, na kati ya hizo mbili achague ile yenye RAM halisi kubwa zaidi, kwa kuwa prosesa ni ileile na skrini zinakaribiana sana. Kwa mvuvi na mchuuzi wa samaki, ushauri wangu ni kubaki na kitochi cha vitufe kwa ajili ya miamala ya mwaloni, maana *150*00# ya M-Pesa inafanya kazi humo sawasawa na vitufe havijali maji, na simu ya kupangusa itumike mikono ikishakauka. Duka likikukatalia kuwasha simu na kuipima kabla ya kulipa, vuka barabara, yapo mengine yatakayokuruhusu.