Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja: usikimbilie vyumba vya chini

Wageni wengi wa Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa hushuka moja kwa moja kwenye vyumba viwili vya chini vinavyosemekana watumwa walifungiwa humo, wakapiga picha za minyororo, wakaondoka. Wanaacha sehemu iliyo nzuri zaidi. Waumini wa kwanza wa hapa walikuwa watu waliokombolewa utumwani, na jengo lenyewe linaeleza hayo kwa anayejua pa kutazama.

Kutoka soko la Darajani ni mwendo mfupi wa miguu. Ukishalipa kiingilio, mwombe mwongozaji muanzie kanisani. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo UMCA (Universities' Mission to Central Africa), misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ikaweka jiwe la msingi papo hapo. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara Mhindu. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, ujenzi ukiwa bado unaendelea chini ya Askofu Edward Steere.

Ndani, inua macho kwanza: paa ni kuba refu la matumbawe na saruji, halina nguzo za katikati. Kisha geukia upande wa magharibi, utaona nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Mbele, duara la marumaru karibu na altare linaonyesha mahali panaposemekana palikuwa pa kuwachapia watumwa. Nyuma ya altare amezikwa Steere mwenyewe, aliyefariki 1882. Msalaba wa mbao ulitengenezwa kwa mti wa Chitambo, kijiji cha Zambia ya leo, ambako moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa.

Jambo ambalo wengi hulipita ni kwamba jumuiya ilitangulia jengo kwa miaka tisa. Mwaka 1864 Sultani alimkabidhi Tozer, askofu wa misheni kabla ya Steere, wavulana watano waliookolewa kutoka kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyesomeshwa na misheni hiyohiyo, akapewa upadri 1890. Shule ilikuwa Kiungani, na familia zilizokombolewa zikapewa makazi katika shamba la Mbweni. Kwa kuwa watu hao walitoka makabila mbalimbali ya bara, Kiswahili ndicho kilichoweza kuwakusanya katika ibada moja, na ndiyo maana Steere alishughulika mno na tafsiri na uchapaji. Ukiwa na swali moja tu la kumuuliza mwongozaji, muulize habari za hao wavulana watano.

Nje kuna sanamu ya Clara Sörnäs ya 1998: watu watano ndani ya shimo, shingoni wamefungwa minyororo. Ipe dakika zako, ina uzito kuliko picha zake. Vyumba vya chini viache mwisho. Dari ni fupi, ni lazima uiname, na kundi kubwa likiingia kwa pamoja hewa inakuwa nzito. Afadhali kusubiri litoke. Maelezo ya vyumba hivyo pia yasikilize kwa tahadhari: jengo la Mtakatifu Monika lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, kwa hiyo wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba watumwa waliwahi kufungiwa humo. Hilo halipunguzi ukweli wa soko lililokuwapo pale.

Kanisa bado linasaliwa. Jumapili asubuhi nenda kusali au usiende kabisa. Kuzunguka na kamera watu wakiwa katika Ekaristi ni utovu wa adabu. Mabega na magoti yafunikwe siku zote.

Ukibaki na nusu siku, malizia Mbweni, ambako kanisa la Mtakatifu Yohana lingalipo na magofu ya shule ya wasichana ya misheni yako jirani.