Bloku ya kuchemshia neli za COD: pima tundu la pembeni kabla ya kulipa

Kwa muda wa miezi minne sampuli zangu za majitaka, ninazozipima COD (kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuoksidisha uchafu wa majini kwa kemikali), zilikuwa zikinipa majibu mawili. Kila sampuli niliigawa katika neli mbili, kama inavyotakiwa, na siku moja neli ya kwanza ikasoma miligramu 612 kwa lita huku ya pili ikisoma 548, ilhali maji yalitoka katika chupa moja, yakavutwa kwa pipeti moja na kuchemshwa pamoja kwa saa 2. Nilibadilisha pipeti, nikabadilisha vitendanishi, nikafikia hata kumshuku mwenzangu kwamba hatikisi chupa vya kutosha kabla ya kuchota. Kumbe kasoro ilikuwa katika bloku mpya ya kupashia joto, yenye matundu 24 ya kuwekea neli, ambayo nilikuwa nimeichagua mwenyewe.

Kilichonichelewesha kuigundua ni kwamba kipimo changu cha udhibiti kilikuwa kikitoka vizuri kila siku. Ukiyeyusha gramu 0.425 za hidrojeni fthaleti ya potasiamu katika lita moja ya maji safi, unapata myeyuko ambao COD yake inajulikana, yaani miligramu 500 kwa lita, na mimi nilikuwa nikisoma 497, 503, 499. Lakini neli hiyo ya udhibiti nilikuwa nimezoea kuiweka katikati ya bloku, ambako ndiko kulikokuwa na joto kamili, na zaidi ya hapo fthaleti huoksidishwa kwa urahisi kuliko mafuta na uchafu mgumu unaopatikana katika maji ya viwandani. Udhibiti ulikuwa ukifaulu mahali pasipo na tatizo, kwa kemikali isiyosumbua, huku sampuli halisi zikiumia pembeni.

Hatimaye nilichukua neli tano, nikazijaza mililita 5 za mafuta ya silikoni yanayostahimili joto, nikazipanga moja katikati na nne kwenye pembe, nikajaza matundu yaliyobaki neli za kawaida, nikasubiri nusu saa, kisha nikatumbukiza waya mwembamba wa kipimajoto cha kielektroniki katika neli moja baada ya nyingine. Kioo cha namba cha bloku kilionyesha nyuzi 150. Neli ya katikati ilisoma 150. Neli ya pembe iliyo mbali na waya wa umeme ilisoma 141.

Ninalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu miongozo mingi ya kununua vifaa hivi huanza na idadi ya matundu, ukubwa wa kioo cha namba, na saa inayolia muda unapokwisha. Hayo kila mtu anayaona mwenyewe kwenye picha. Kisichoonekana kwenye picha ni iwapo tundu la pembeni linapata joto sawa na la katikati, na hilo ndilo linaloamua kama jibu lako ni la kweli. Kipimo chenyewe kinategemea dikromati ya potasiamu katika asidi ya salfuriki, pamoja na salfeti ya fedha kama kichocheo na salfeti ya zebaki ya kuzuia kloridi isiingilie, na mmenyuko huo wote umewekewa masharti ya nyuzi 150 za Selsiasi kwa saa 2. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15705, kinachohusu neli zilizofungwa, kinaruhusu tofauti ya nyuzi 5 juu au chini. Taratibu nyingine huruhusu 2 tu. Neli iliyokaa katika nyuzi 141 haijakidhi hata ile sharti pana. Rangi yake inabaki na uchungwa mwingi wa dikromati kuliko inavyopaswa, ukijani wa kromi iliyotumika unakuwa hafifu, na spektrofotometa, yaani kifaa kinachosoma rangi kwa mwanga, ambayo haijui neli ilikaa wapi, inaandika namba ndogo kuliko ukweli.

Sababu ni rahisi kuielewa. Alumini hupitisha joto vizuri, lakini kingo za bloku zinapoteza joto kwenye hewa kila wakati, na mtengenezaji anayebana gharama huweka kipashio kimoja chini ya katikati na sensa moja kando yake. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa matundu ni mapana kuliko neli, kwa sababu hewa iliyozunguka neli huzuia joto lisifike. Neli za kawaida zina kipenyo cha milimita 16. Ukiiingiza moja kwenye tundu nayo ikachezacheza, bloku hiyo iache. Wapo wanaoshauri kutia mafuta kidogo kwenye tundu ili kuziba nafasi hiyo. Mimi sishauri, kwani alama ya mafuta kwenye kioo cha nje hupotosha usomaji wa mwanga, na kuifuta neli yenye asidi ya moto ni kujitafutia ajali.

Katika mpangilio wangu wa bloku za kununua, nafasi ya kwanza ni ya Hach DRB200, hasa toleo la bloku mbili, na sifichi kwamba ninaipenda. Kila bloku ina kidhibiti chake, kwa hiyo umbali kutoka kwenye sensa hadi tundu la mwisho ni mfupi, na upande mmoja unaweza kuchemsha COD kwa nyuzi 150 wakati upande wa pili unafanya kazi nyingine kwa nyuzi 100. Kifuniko chake hukulinda neli ikipasuka, na pia hupunguza upepo unaopoza vichwa vya neli. Kampuni hii imekuwa katika kipimo hiki kwa muda mrefu. Njia yake namba 8000 ilikubaliwa na EPA, shirika la mazingira la Marekani, mwaka 1980, na maelekezo yake ni kati ya machache niliyosoma yanayomtaka mtumiaji apashe bloku kwanza ndipo aingize neli.

Nafasi ya pili ninaigawa kati ya WTW za mfululizo wa CR na Merck za mfululizo wa TR. Katika familia zote mbili kuna za matundu 12 na za matundu 24. Anayepima sampuli chache kwa siku achukue ya 12 bila kuona haya, kwa maana bloku ndogo iliyojaa huaminika kuliko kubwa iliyo nusu tupu.

Ya tatu ni Lovibond RD125. Ina matundu 24 na viwango vitatu tu vya joto, 100, 120 na 150, na kwangu uchache huo ni sifa njema, kwa kuwa mwanafunzi hawezi kuuchezea. Hanna HI839800, yenye matundu 25 na joto la 105 na 150, naiweka ya nne. Hizi mbili ni za bloku moja pana, hivyo jaribio la neli za mafuta lisirukwe hata kidogo.

Kuhusu zile zisizo na jina, zinazofanana zote isipokuwa rangi ya kibandiko, nina neno moja: asiyeweza kuzipima mwenyewe asizinunue.

Wauzaji nao wana lao. Karatasi ya bloku yangu iliandika “usahihi wa nyuzi 1”, nami nikaamini kwamba ni usahihi wa bloku nzima. Nilipolalamika nikaambiwa kwamba namba hiyo inahusu sensa, wala haihusu matundu. Nikaomba kipimo cha tofauti kati ya tundu na tundu, hakikuwapo. Kisha nikashauriwa nipandishe joto hadi 159 ili pembe zifike 150, ushauri ambao ungeziweka neli za katikati juu ya kiwango, zikiwa zimefungwa, zimejaa asidi, na shinikizo likipanda. Kurudisha kifaa kulikataliwa kwa kuwa kilikwisha kutumika, kana kwamba ingewezekana kuijua kasoro hiyo bila kukitumia. Tangu hapo huwa ninamwandikia muuzaji swali moja kabla ya kuzungumzia bei: bloku ikiwa imejaa neli, tofauti kati ya tundu lenye joto zaidi na lenye joto kidogo ni nyuzi ngapi, na ilipimwa ndani ya neli au ndani ya chuma? Anayejibu kwa picha za kifaa ninaachana naye.

Bloku hiyo yenye kasoro bado iko mezani. Matundu yake yamepangwa safu 4 za matundu 6, na yale 16 ya kingo nimeyaziba kwa utepe. Nililipia 24, ninatumia 8.