Aliubonyeza ujumbe kwa kidole gumba kabla sijausoma: GPS yangu ya mkononi na safari ya Gelai

Wadau wa porini, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo acha nilitoe.

Mimi ni fundi wa pampu za maji za sola. Kazi zangu nyingi ziko Longido, Monduli na Ngorongoro, vijijini kabisa, lami unaiacha asubuhi unakuja kuiona tena kesho yake. Miaka yote nilikuwa naenda kwa kuuliza watu, kwa simu na kwa kukariri milima. Mwaka jana kiangazi hivi kazi zikaongezeka nikaona sasa ninunue GPS ya mkononi, kile kifaa cha kukuonyesha ulipo na unakokwenda, ile ndogo ya vitufe inayokula betri mbili za AA. Bei siitaji, ila ile hela ningepata matairi mawili mapya ya Kruza na chenji ikabaki.

Duka liko Arusha mjini, jina naliacha. Nilimweleza yule muuzaji vizuri tu, nikamwambia kaka mimi siendi kwenye barabara za watalii, naenda nyuma ya mlima Gelai kule, nataka ramani yenye njia ndogo ndogo. Akasema usijali bosi, kwenye hii memori kadi Afrika Mashariki yote imo, hadi njia za ng'ombe. Akaweka betri, akachomeka kadi, akawasha. Hapa naomba msome taratibu. Ilipowaka kikatokea kiboksi cha maandishi katikati ya kioo, mistari miwili hivi, na yeye hapo hapo akakibonyeza kwa kidole gumba kikapotea, huku anaongea, haachi kuongea. Nikauliza kile kilikuwa nini, akasema hayo ni makaribisho tu ya mashine. Halafu akanionyesha: barabara ya Moshi hii, ya Namanga hii, ya Dodoma hii, na kamshale ketu kako hapo katikati. Nikaridhika, nikalipa.

Kwanini nisiridhike jamani? Barabara nazijua, nikaziona pale kwenye kioo. Kumbe hivi vifaa vinatoka kiwandani na ramani yake ya msingi, ina barabara kuu, miji mikubwa na maziwa makubwa, basi. Ukiiwashia mjini utaapa ramani imekamilika. Mtu akitaka kukuonyesha kifaa dukani usimwambie aonyeshe mji, mwambie aende kwenye kijiji unachokijua wewe, akikuze mpaka uone njia ya shule na ya kisimani. Mimi hilo sikulijua siku ile.

Wiki chache baadaye nikapigiwa simu, pampu imekufa kijiji kimoja upande wa pili wa Gelai, ule unaoelekea ziwa Natron. Nikabeba kontrola mpya, nyaya, dogo ninayefanya naye kazi na maji lita 40. Longido tukaacha lami, tukaingia vumbi. Na barabara kwenye kioo ikaisha kabla hata haijaisha ardhini! Nikadhani inatafuta mtandao, dogo akasema bro GPS haitumii bando, inasoma setilaiti moja kwa moja, ikipata nne tu inajua ulipo. Ni kweli, na mshale ulikuwepo, unatembea vizuri kabisa, ila unatembea kwenye kioo cheupe. Nikikuza cheupe, nikipunguza cheupe, mpaka nipunguze sana ndo naona kipande cha ziwa kimechorwa kama kimekatwa na mkasi.

Simu? Ya dogo tulikuwa tumeibandika kwenye dashibodi, saa nane ile jua la Longido likaichemsha ikajizima yenyewe. Ya kwangu ilikuwa na programu ya ramani iliyokuja nayo, eneo nilishalidaunilodi zamani, nikafungua nikakuta muda wake umeisha inataka nikaapdeti kwenye intaneti. Intaneti ya wapi? Laini zote mbili hazina hata kijiti kimoja.

Sasa kodineti za kisima, zile namba za kuonyesha mahali kilipo, nilikuwa nazo, nikaziingiza. Kifaa kisipokuwa na ramani ya njia hakina namna ya kukuzungusha barabarani, kinakuchorea mstari mnyoofu mpaka unakokwenda, kilomita 11 kimeandika, kama wewe ni ndege. Tukaufuata ule mstari kwa kuangalia milima, Kitumbeine imebaki nyuma, Gelai iko kulia, Lengai mbele kushoto. Njia za mifugo zinagawanyika mara tatu, mara nne, kila moja ina alama ya tairi, na alama yenyewe ni ya pikipiki. Saa kumi na moja na nusu tukafika kwenye korongo. Siyo korongo la kushuka na four-wheel, hili lina kingo zimekatika wima, chini mawe, ukitumbukia unalala chini ukisubiri trekta ambalo halipo. Mstari kwenye kioo umepita juu yake mnyoofu kabisa. Tukarudi nyuma, tukajaribu juu, tukajaribu chini, saa moja giza likatukuta na milima yenyewe haionekani tena.

Tukalala garini. Usiku betri zikaisha, za dukani zile za bei rahisi, hata siku moja haikufika. Nikaweka mpya, nikawasha, dogo ananimulikia na tochi. Kile kiboksi kikatokea tena katikati ya kioo. Safari hii hakuna mtu wa kukibonyeza. Nikafuta vumbi na shuka nikasoma: ramani iliyoko kwenye kadi haiwezi kufunguliwa kwenye kifaa hiki.

Yaani nilikaa kimya dakika nzima. Ramani ilikuwepo kwenye kadi, imefungwa, imenakiliwa kutoka kwenye kifaa cha mtu mwingine maana ramani za kulipia zinafungwa na namba ya kifaa. Na yule jamaa alijua. Huwezi kukibonyeza haraka vile kama hujui kinasema nini.

Asubuhi, na hapa lazima niwe mkweli, kifaa chenyewe ndo kilichotutoa. Muda wote kilikuwa kinaweka alama za tulikopita, kamstari ka nukta nukta, hicho hakihitaji ramani wala kadi. Tukafuata nukta zetu wenyewe kurudi nyuma mpaka njia panda tuliyokosea, hatukupotea hata mita kumi. Simu isingefanya hivyo ikiwa imezimika. Kwa hiyo nilivyoanza kuandika hapa nilitaka niwaambie msinunue kabisa, sasa sijui. Kifaa ni kizuri. Kwa kweli ni kizuri.

Ila subirini. Pale njia panda tukakutana na mama mmoja na kijana wake na punda wanne, kila punda amefungwa madumu mawili ubavuni, matupu. Dogo akamsalimia Kimaasai, takwenya, yule kijana ndo anajua Kiswahili, akatuuliza nyie ndo mafundi wa maji? Tulikuwa tunawategemea jana. Mama alikuwa anaenda kuchota mbali kwa sababu jana hatukufika. Aligeuka akawatazama wale punda, akamwambia mwanawe kitu, hakunitazama mimi. Tuliwapita tukawaacha wanaendelea, kwa sababu pampu ilikuwa haijapona na maji watu wanayahitaji leo. Saa saba mchana pampu ikatoa maji. Lakini yule mama alishakwenda. Hapo ndo hasira yangu ilipo, siyo kwenye hela.

Nikarudi dukani. Siku ya kuuza niliitwa bosi, siku ya kurudisha naitwa mzee, nina miaka 41. Nikamwonyesha ule ujumbe, nikauwasha mbele ya wateja. Akasema huenda umebonyeza vibaya. Nikasema sawa, tuache hiyo, nisaidie na jingine, kodineti zangu za kisima zimetoka kwenye ripoti ya zamani ya uchimbaji, ziko kwenye Arc 1960, ule mfumo wa zamani wa kupimia mahali, na kifaa kinasoma WGS 84, mfumo wa GPS, naibadilisha wapi? Akanitazama, akatazama wenzake, akasema hivi: "Mzee, hizi mashine zina watu wake."

Zina watu wake! Mimi ninayeshusha pampu mita mia chini ya ardhi siyo mtu wake, ila yeye asiyejua hata swali ndo mtu wake. Akaniambia kama nataka kadi nyingine ipo, nilipie.

Jibu nililitafuta mwenyewe na nawapa hapa bure. Ramani za karatasi za zamani za Tanzania na Kenya, zile za 1:50,000, zimechorwa kwa Arc 1960. Ukichukua namba za pale ukaziingiza kwenye kifaa kilichowekwa WGS 84 unakosea karibu mita 300. Mita mia tatu porini ni ng'ambo nyingine ya korongo. Ingia kwenye mpangilio wa kifaa, tafuta pa datamu, yaani huo mfumo wa kupimia mahali, badilisha kabla hujaingiza namba, halafu ukimaliza rudisha. Ni vitufe vinne vitano. Mtu anayeuza hivi vitu alitakiwa alijue hilo kabla ya bei.

Siku hizi naweka programu ya ramani ya Organic Maps kwenye simu mbili, ni ya bure, haina matangazo, inatumia OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, ukishaidaunilodi inakaa. OsmAnd, programu nyingine ya ramani, nayo nzuri ila ina mambo mengi, dogo anaipenda mimi inanichosha. Angalieni tu, njia iliyochorwa humo inaweza kuwa ya ng'ombe, kwa hiyo nikiwa bado mjini naangalia picha ya setilaiti kwanza, nikiona korongo nachora njia yangu naihifadhi. Simu naweka mbali na kioo cha mbele, kwenye upepo wa feni. Na ukiwa huna mtandao ukiiwasha ipe dakika kadhaa mahali pa wazi ipate setilaiti, usianze kuendesha huku unailaumu. Ile GPS ya mkononi bado naenda nayo kwa ajili ya zile nukta, na betri naweka nzuri.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue? Nunueni. Hapana, nunueni kama muuzaji anakubali uwashe mwenyewe, kwa kidole chako, usome kila kitu kinachotokea. Akikunyang'anya ili akuonyeshe, toka. Mimi nikipita lile duka hata leo moyo unanienda mbio.

Tracks4Africa, wale wanaouza ramani za njia za Afrika, nasikia wanasifiwa sana na madereva wa safari ndefu na nataka ramani yao kihalali kabisa, na risiti. Mwenye kujua mahali pa kuinunua Arusha au Moshi, au aliyeinunua mtandaoni kwa hela ya simu, aniandikie. Naihitaji kabla ya vuli, lile korongo likijaa maji sitakuwa na pa kujaribu juu wala chini.