Chanjo ya HPV katika kituo cha afya Dodoma: huduma nzuri, maelezo haba

Nilimpeleka binti yangu wa darasa la sita kupata chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, katika kituo kimoja cha umma jijini Dodoma. Huduma ni bure, na tangu mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja badala ya mbili, hivyo mzazi haombi ruhusa kazini mara ya pili. Muuguzi alitoa kichupa kwenye kisanduku cha baridi, akafungua bomba jipya la sindano mbele yetu, akamchoma begani, kisha akamtaka apumzike kwenye benchi kabla ya kuondoka. Hapo sina neno.

Kasoro iko kwenye maelezo. Mama mmoja aliyeuliza iwapo chanjo hiyo inaharibu uzazi alijibiwa kwa mkato kwamba serikali imeshaipitisha, ilhali jibu lipo na si refu: chanjo ina protini za ganda la kirusi tu, hivyo haiwezi kuambukiza, na tafiti hazijaona kwamba inaleta ugumba. Wanaohofia kuwa inawafundisha watoto ngono nao walistahili kuelezwa kwamba HPV huenea kwa mgusano wa ngozi wakati wa kujamiiana, mara nyingi bila dalili yoyote, na kondomu haifuniki kila mahali. Ndiyo maana kinga hutangulia, kabla msichana hajaanza kujamiiana. Aina ya 16 na ya 18 za kirusi hicho pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Bango la ukutani, lenye rangi za kupendeza kwelikweli, halikugusa lolote kati ya hayo.

Nendeni asubuhi, na mkiuliza msikubali kujibiwa nusunusu.