Lori la jeshi M35A2: uzoefu wangu wa kulinunua na kulifufua

Watu wakiliona lori langu huuliza injini. Inawaka mara moja? Inakunywa kiasi gani? Sijakutana na mtu aliyeanza na breki, na ukweli ni kwamba breki ndizo zilizokula muda wangu na fedha zangu kuliko vingine vyote vikijumlishwa. Kwa hiyo nitazungumza zaidi juu yake, mwenye haraka ya kusikia habari za injini anivumilie.

Kwa asiyelijua, M35A2 ni lori la jeshi la Marekani, magurudumu kumi, ekseli tatu na zote zinavuta. Kampuni ya REO ndiyo iliyobuni lile la asili, M35, likaingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha Kaiser na AM General wakaja kulitengeneza kwa wingi. Huitwa la tani mbili na nusu, lakini huo ni mzigo wake wa porini. Kwenye barabara nzuri liliruhusiwa kubeba mara mbili yake. Lenyewe likiwa tupu lina uzito wa karibu tani sita.

Langu nililipata mnadani, kwa masharti yale yale ya minada yote: unachukua lilivyo, hakuna kulijaribu barabarani, hakuna kurudisha. Tangazo lilisema linawaka na kutembea. Halikusema uongo. Lilichonyamazia ni kwamba lilikuwa limesimama muda mrefu, na huo ndio ugonjwa mkuu wa magari haya. Kilomita kwenye dashibodi zilikuwa chache mno, jambo linalowafurahisha wanunuzi wengi. Mimi sasa kilomita chache zinanitia shaka. Lori lililofanya kazi kila wiki lilikuwa likipakwa grisi na kukaguliwa. Lililolala bohari liliachwa mpira wake ukauke na maji yake yatafute pa kutulia.

Sasa breki. M35A2 lina mfumo wa mafuta unaosaidiwa na upepo: unakanyaga pedali, masta silinda inasukuma mafuta, na kifaa kilicho chini ya sakafu kinatumia upepo wa kompresa kuongeza nguvu. Ni mfumo mzuri ukiwa mzima. Tatizo ni kwamba masta silinda ni moja na njia ya mafuta ni moja kwa magurudumu yote. Bomba moja la ekseli ya nyuma likipasuka, pedali inazama hadi sakafuni na hakuna gurudumu hata moja litakaloshika. Gari dogo la leo lina njia mbili kwa sababu hiyo hiyo. Hapa tani sita zinategemea kipande cha bomba ambacho huenda kina umri mkubwa kuliko dereva.

Ndipo linapokuja suala la mafuta yenyewe. Tangu miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilihamia mafuta ya breki ya silikoni. Sifa yake ni kwamba hayanyonyi maji. Kasoro yake ni hiyo hiyo: maji yakiingia hayachanganyiki nayo, yanashuka mpaka mahali pa chini kabisa, yaani kwenye silinda za magurudumu, na hapo yanatengeneza kutu taratibu bila kumsumbua mtu. Nilipofungua silinda za nyuma, mbili zilikuwa zimeganda. Lori lilikuwa likisimama vizuri tu uwanjani, kwa breki za magurudumu yaliyobaki. Nilibadilisha silinda zote, mipira yote inayopinda, na kila bomba la chuma lililokuwa na doa. Usichague lipi libaki. Na ukishaamua aina ya mafuta, safisha mfumo mzima kabla ya kumimina. Ya silikoni na yale ya kawaida hayakai pamoja.

Kuna jingine ambalo muuzaji hatakuambia. Breki ya mkono haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi ya pili. Maana yake ukitoa propela shafti ya nyuma, au ukipandisha jeki mahali pabaya, breki ya mkono inabaki pambo. Weka vizuizi vya magurudumu kila mara, vikubwa, vya mbao ngumu au chuma. Hapa sitanii.

Baada ya mateso hayo, umeme ulikuwa starehe. Kila waya una kibati kidogo cha chuma chenye namba, na namba hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye mchoro wa kitabu. Vitabu vyenyewe vinapatikana bure: TM 9-2320-361-10 ni cha dereva, 361-20 ni cha fundi wa kawaida. Vimeandikwa kwa ajili ya kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kushika spana, na nasema hivyo kwa kuvisifu. Nimefungua magari ya kiraia yaliyotengenezwa miaka mingi baadaye ambayo waya zake zilinifanya nikae chini. Angalizo moja: mfumo ni wa volti 24, betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Mtu akikushauri uchukue umeme wa redio kwenye betri moja, mkatalie. Betri hiyo itakuwa inatumika zaidi, nyingine inachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Nunua kigeuzi cha kushusha volti 24 ziwe 12.

Haya, injini. Ni ya silinda sita, lita 7.8, mgandamizo wa 22 kwa 1, iliyoundwa ichome karibu kila kitu: dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, hata petroli kwa dharura. Mimi natia dizeli. Wapo wanaomimina kila uchafu wanaoupata kwa kuwa eti kitabu kimeruhusu. Pampu ya dizeli ikifa ndipo wanapogundua kwamba jeshi lilikuwa na pampu nyingine stoo na wao hawana. Kuna kifaa kinachorekebisha kiasi cha mafuta kulingana na uzito wa mafuta yenyewe; huvuja sana, na wenye malori wengi hukiruka kabisa. Nami nilikiruka. Kabla ya kununua, chomoa kijiti cha oili: oili ikipanda juu ya alama na kunuka dizeli, ondoka au shusha bei sana. Angalia pia rejeta injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu gasketi za silinda hedi za injini hizi zina sifa mbaya. Turbo inapiga mluzi mkali sana. Ama utaupenda, ama majirani watakuchukia, na mara nyingi yote mawili kwa pamoja.

Matairi yatakudanganya. Meno yalikuwa marefu kama mapya, lakini mpira umepasuka kwenye mikunjo. Usiyafungue mwenyewe kama hujazoea, kwa kuwa rimu zake zina pete ya kufungia, na pete hiyo ikitoka wakati wa kujaza upepo inaua. Tafuta fundi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia. Pia nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume; kuna watu wamevunja bolti kadhaa kabla ya kulitambua hilo.

Rangi nayo si ya kuchezea. Malori mengi yaliyokuwa jeshini kuanzia miaka ya 1980 yalipakwa rangi maalumu ya kuhimili silaha za kemikali, na vumbi lake ukipiga msasa ni sumu kwa mapafu. Nilitumia maji na barakoa yenye vichujio vya kweli, nikafanyia nje. Kazi ikawa ya polepole na ya kuchosha, basi.

Kuliendesha ni mazoezi ya mwili. Langu halina pawa stelingi, klachi ni nzito, kabini ina kelele kiasi cha kuhitaji vizibo vya masikio, na mwendo unaishia karibu kilomita 90 kwa saa, ambapo tayari umeshaomba dua. Anayetaka gari la safari ya familia atafute kingine. Anayetaka mashine ambayo kila nati yake inafikika, na ambayo kitabu chake kinaeleza kila bolti inakazwa kwa nguvu kiasi gani, hatajuta, mradi fedha ya breki aitenge kabla ya fedha ya kununulia.

Na halina funguo. Kuna swichi, kuna kitufe cha stata, na kitufe cha kuvuta ili kulizima. Yeyote anayeweza kupanda ngazi anaweza kuliwasha. Nimefunga mnyororo na kufuli kwenye usukani, nikaweka swichi ya kukata betri mahali ambapo hata fundi wangu hajaambiwa.